Mawe Tisa ya Belobaka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hayrat alikuwa na kazi tatu. Alichota maji kisimani, alifagia uwanja, kisha alipanga vitumbua kwenye sinia huku mama yake, Zalifa, akiendelea kuvigeuza motoni. Hakuruhusiwa kuonja hata kimoja mpaka sinia lijae. Zalifa hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema jambo mara moja, na asiyesikia alijua mwenyewe.

Walikaa Belobaka, nje kidogo ya mji wa Mahajanga, kando ya barabara iendayo bara. Ulikuwa mwaka 1934, na kisiwa kizima cha Madagaska kilitawaliwa na Wafaransa. Baba yake Hayrat alikuwa mpishi katika meli ya pwani, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Nyumbani walizungumza Kingazija, lugha ya asili yao ya Komoro, sokoni Kisakalava cha wenyeji, na shuleni Kifaransa. Hayrat alikuwa na miaka kumi na miwili, na lugha zote tatu alizimudu vizuri, hasa akiwa na jambo la kujitetea.

Jumatatu moja mwalimu wao, Bwana Allaoui, aligonga meza kwa rula.

"Fundi anajenga mnara wa kumbukumbu pale njia panda," alisema. "Utawekwa kibao cha shaba chenye jina la injinia Mfaransa aliyepima barabara hii. Jumapili wakubwa wa serikali watakuja kuuzindua. Chini ya mnara patapambwa kwa mawe meupe, na sisi ndio tulioagizwa kuyaleta. Kila mtoto mawe kumi na mawili, ukubwa wa kichwa cha mbuzi."

"Mbuzi dume au jike, mwalimu?" aliuliza Msaidié kutoka nyuma.

"Mbuzi kama wewe," alijibu mwalimu, na darasa zima likaangua kicheko. "Mtayachimba kwenye mteremko wa mapango. Mawe ya kingo za barabara msiyaguse, hayo ni mali ya barabara. Nayataka Jumatano asubuhi."

Jumatatu hiyo jioni Hayrat hakwenda kwenye mteremko. Aliruka kamba na rafiki yake Roukia mpaka jua likazama. Jumanne alichukua mkokoteni mdogo wa mama yake na mtaimbo, akaenda. Mteremko ulikuwa mkali na mawe yalikuwa yameshikana na ardhi kama meno. Alipolichimbua jiwe la tatu, mtaimbo uliteleza ukambana kidole, na ukucha ukainuka. Alikaa chini akalia kidogo. Hakukuwa na mtu wa kumwona, basi hakuendelea.

Alirudi na mawe matatu. Alipofika kwenye kalvati, pale maji ya mvua yanapopita chini ya barabara, aliona mawe meupe kwenye nyasi. Yalikuwa yamepangwa kwa mstari, hatua moja nje ya ukingo, mpaka karibu na nguzo ya kilomita. Yalipakwa chokaa kama mawe mengine ya barabara. Aliyapita kila siku bila kuyafikiria. Sasa aliyahesabu. Yalikuwa tisa.

Tatu na tisa ni kumi na mawili.

"Ni mawe tu," Hayrat alijiambia, akatazama huku na huku.

Alianza na lile la mdomoni mwa kalvati. Mengine yalitoka kwa urahisi, mengine yalikuwa yamezama sana. Katikati ya kazi alipumzika, akanyonya kidole chake, kisha akaendelea mpaka la mwisho, lililokuwa chini ya nguzo ya kilomita. Aliyapeleka kijitoni akayasugua kwa mchanga ili chokaa itoke.

"Umeyatoa wapi?" aliuliza mama yake.

"Mapangoni."

"Yote?"

"Yote, mama."

Zalifa alimshika mkono, akakitazama kile kidole, akakifunga kitambaa. Kisha akampa vitumbua viwili vilivyobaki, kwa sababu mtoto amefanya kazi. Hayrat alivila vyote. Havikuwa na ladha.

Jumatano shuleni mwalimu aliyatazama mawe yake. "Haya yamekuwaje meupe hivi?"

"Nimeyaosha, mwalimu."

"Mawe ya Hayrat yamevaa nguo za Idi," alisema Roukia, na watoto wakacheka. Mwalimu alimsifu Hayrat mbele ya wote. Kabla ya adhuhuri fundi alikuwa amekwisha kuyapanga mawe yote chini ya mnara na kuyamwagia saruji.

Jioni hiyo, wakati wa kula, Zalifa alitoa barua kutoka kwenye mkunjo wa leso yake.

"Koko anakuja," alisema. Koko ndivyo Wangazija wanavyomwita bibi. Koko Chamsia, mama yake Zalifa, aliishi Andoany, katika kisiwa cha Nosy Be, akichuma maua ya mlangilangi kwa ajili ya kiwanda cha manukato. "Atapanda meli. Jumatatu tutampokea bandarini."

"Anakuja kututembelea?"

"Anakuja kuona kaburi la mjomba wako Youssoufa."

Hayrat alijua kwamba alikuwa na mjomba aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Hakujua zaidi ya hapo. "Kaburi lake liko wapi, mama?"

Zalifa aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Sasa umekua, sikiliza. Barabara hii ililimwa kwa kazi za lazima. Walichukuliwa vijana wa Nosy Be, wa hapa, wa kila mahali. Homa ikawakamata. Watu wetu tisa walikufa katika kipande hiki kimoja. Msimamizi hakutaka vifo kwenye daftari lake, akaandika kwamba wametoroka. Na mtu aliyetoroka hana kaburi. Alikataza hata kuweka alama. Basi Ami Tadjiddine, yule mchoma chokaa, na wenzake waliwazika pale pale walipoangukia, kando ya barabara, na juu ya kila mmoja wakaweka jiwe, wakalipaka chokaa. Msimamizi akipita, anaona mawe ya barabara. Sisi tunaona makaburi. Kila mwaka kabla ya Ramadhani Ami Tadjiddine huyapaka upya."

Hayrat aliweka chini tonge lake.

"Mawe gani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Yale ya baada ya kalvati. Mjomba wako ni la nne."

"Mbona hukuniambia?"

"Watoto wana midomo," alisema Zalifa. "Kula."

Usiku huo Hayrat alilala akiutazama ukuta. Alhamisi baada ya shule alikwenda peke yake mpaka kwenye kalvati. Mashimo tisa yalikuwepo, kila moja mahali pake, udongo wake mbichi, mizizi midogo myeupe imekatika pembeni. Chungu walikuwa wakiingia na kutoka. Hayrat alichuchumaa. Alifikiri, nikimwambia mama leo, atanipiga. Kesho nitachimba mawe mengine tisa mapangoni, nitayatia kwenye mashimo haya, nitayapaka chokaa, na hakuna atakayejua. Mpango huo ulimpa nafuu. Alirudi nyumbani akamsaidia mama yake kuosha vyombo bila kuambiwa.

Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri, alichimba mawe manne. Aliyasukuma kwa mkokoteni mpaka kwenye kalvati akasimama ghafla. Wafanyakazi wa barabara walikuwa wamepita asubuhi. Wakubwa wa serikali wasije wakaona nyasi na mashimo, walikwangua kingo zote kwa majembe, wakaleta udongo mwekundu, wakaushindilia kwa gogo zito la chuma. Kutoka kalvati hadi nguzo ya kilomita, ardhi ilikuwa laini kama sakafu iliyopigwa lipu. Hapakuwa na shimo hata moja.

Hayrat alipiga magoti akaanza kupapasa. Udongo ulikuwa mgumu kila mahali. Aliyamwaga mawe yake kijitoni, akakimbia nyumbani na mkokoteni.

Jumamosi asubuhi Zalifa alichukua ndoo na kitambaa, akaenda kuliosha jiwe la kaka yake kabla mama yao hajafika. Alirudi mikono mitupu. Hakuingia ndani. Alipitiliza moja kwa moja mpaka kwa Tadjiddine, na Hayrat akamfuata kwa mbali.

Mzee Tadjiddine aliyachoma mawe meupe tanuuni mpaka yakawa chokaa. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, uliumizwa na gogo katika kazi ile ile ya barabara. Wiki nzima alikuwa mjini Mahajanga akipaka chokaa majengo kwa ajili ya wageni, na alirudi Ijumaa jioni. Tanuu lake lilikuwa linawaka.

"Ami Tadjiddine, mawe yako wapi?"

"Mawe gani?"

"Usiniulize mawe gani."

Mzee alimtazama usoni, akalitupa koleo, akaenda kuelekea barabarani akichechemea kwa haraka. Aliporudi, midomo yake ilikuwa mikavu.

"Nani kayachukua?" aliuliza.

"Nakuuliza wewe. Wafanyakazi wa barabara wanasema hawakukuta jiwe hata moja. Mchoma chokaa hapa ni nani?"

"Zalifa. Ndugu yako alifia mapajani mwangu. Unaniambia nimemchoma kwenye tanuu?"

"Nakuambia mawe hayana miguu."

Majirani walikuwa wametoka nje. Hayrat alisimama nyuma ya rundo la kuni. Neno lilikuwa mdomoni mwake, fupi, lenye herufi chache tu: ni mimi. Alilimeza. Kufikia alasiri Belobaka nzima ilijua kwamba Tadjiddine amewachoma wafu wa watu akapata chokaa. Msikitini watu waliitikia salamu yake kwa sababu dini inataka, lakini hakuna aliyekaa karibu naye.

Jumapili mnara ulizinduliwa. Wanafunzi walisimama mstari wakaimba kwa Kifaransa. Bwana mmoja mwenye kofia nyeupe alisoma jina lililokuwa kwenye kibao cha shaba, akasema kwamba injinia huyo alileta barabara mahali ambapo hapakuwa na kitu. Watu wakapiga makofi. Hayrat alikuwa akitazama chini ya mnara. Alilitambua jiwe moja refu, na jingine lenye ubavu uliobonyea. Sauti ilimkatika katikati ya wimbo.

"Umemeza nzi?" Roukia alimnong'oneza.

Hayrat aliendelea kuyatazama mawe.

Jumatatu walikwenda bandarini Mahajanga kwa gari la ng'ombe. Koko Chamsia alishuka kwenye meli akiwa ameshikwa mkono na mwanamke mwingine. Alikuwa mwembamba, amejifunga shiromani safi, nguo ya wanawake wa Kingazija. Alipokaribia alinukia maua.

"Kwezi, koko," alisema Hayrat, akimpa salamu ya heshima.

"Mbona, mwanangu," koko aliitikia kwa desturi. "Sogea. Sogea zaidi." Koko alimshika mashavu, akamtazama kwa karibu kabisa, kama mtu anayetafuta sindano. "Ah. Pua ya Youssoufa. Nilisema mimi."

Garini koko hakunyamaza. Alieleza kwamba kiwandani wamemwachisha kazi kwa sababu haoni tena tofauti ya ua bichi na ua lililoiva. "Miaka kumi na minne nasema mwakani, mwakani. Maua ya mlangilangi hayana likizo, yanataka kuchumwa kila alfajiri. Sasa wamenipa likizo wenyewe. Nikasema, nitumie macho haya kabla hayajafunga." Alitoa kichupa kilichofungwa kwa kitambaa. "Maji ya maua. Nitamwagia kichwani pake, nimwambie mama yake amekuja. Kisha macho yakitaka kufunga, yafunge."

Zalifa alikuwa anatazama mkia wa ng'ombe. Tangu bandarini alikuwa ametafuta namna ya kusema, na hakuipata.

"Mama," alisema mwishowe, "kuna jambo. Mawe hayapo. Tadjiddine ame..."

"Siye Ami Tadjiddine," alisema Hayrat. "Ni mimi."

Zalifa alimwambia mwenye gari asimame. Ng'ombe walisimama. Hayrat alieleza yote, kuanzia kuruka kamba hadi udongo mwekundu. Hakuruka kitu.

"Yako wapi mawe?" aliuliza koko.

"Kwenye mnara, koko. Yameshikwa na saruji."

"Na mashimo?"

"Yalikuwepo mpaka Ijumaa asubuhi."

"Na wewe ulijua lini kwamba ni makaburi?"

"Jumatano."

Koko alikunja vidole vyake, kimoja kimoja. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa. Alikiweka kichupa mapajani akakifunika kwa mikono yote miwili, na gari likaendelea.

Walipofika Belobaka walimkuta Tadjiddine anafunga mkeka wake. Tanuu lilikuwa limezimwa. Alikuwa amekwisha kuamua kuhamia mjini, kwa watu wasiomjua.

"Ami," alisema Zalifa akiwa bado amesimama mlangoni, "nilikuita mwizi mbele ya watu. Nilikosea. Leo kabla ya magharibi nitapita kwa watu wale wale, nyumba kwa nyumba, niwaambie nilikosea. Aliyechukua ni binti yangu."

Hayrat alipiga magoti. "Nisamehe, Ami. Nitaomba fundi ayabandue mawe kwenye mnara. Nitayarudisha yote."

Mzee aliuweka mkeka chini akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Hayrat zaidi.

"Jiwe si kitu, mwanangu," alisema. "Mawe yamejaa mapangoni. Mahali ndicho kitu."

Walikwenda barabarani wote wanne. Jua lilikuwa kali na ukingo mwekundu ulinyooka mbele yao bila alama yoyote. Tadjiddine alisimama mdomoni mwa kalvati.

"Hapa ni Mroivili. Wa kwanza kufa. Hapa nina hakika, alizikwa akiligusa kalvati." Alisogea kidogo akasimama. Akasogea tena, akarudi nyuma. "Baada yake Djaffar, kisha mtoto wa watu kutoka Ambondrona, kisha Youssoufa wetu. Wa mwisho yuko pale kwenye nguzo ya kilomita. Majina ninayo yote. Lakini umbali... hawakupangwa kwa kamba. Kila mmoja alizikwa alipoanguka, wengine karibu karibu, wengine mbali."

"Hukupima?" aliuliza Zalifa.

"Nani hupima umbali wa kitu kilichopo?" alisema mzee. "Mimi nilikuwa natazama mawe."

Koko alikuwa amefungua kitambaa cha kichupa. "Mtoto aliyang'oa kwa mikono yake," alisema. "Yeye atakumbuka. Hayrat, njoo. Jiwe la nne. Nionyeshe."

Hayrat alitembea polepole. Alijaribu kujirudisha kwenye Jumanne ile. Jiwe la kwanza. La pili, lilitoka kwa urahisi. La tatu. Kisha alipumzika akanyonya kidole. Alikuwa amepumzika baada ya jiwe la nne, au lilikuwa la tano? Kulikuwa na kichaka kidogo karibu naye, lakini kichaka kilikwanguliwa. Alisimama mahali fulani, kwa sababu alilazimika kusimama mahali.

Koko alimfikia, akishikwa mkono na Tadjiddine. Alikunja magoti yake kwa taabu, akakaa chini kwenye udongo. Aliulaza mkono wake juu ya ardhi kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Uso wake ulianza kulegea.

"Ndipo hapa?" aliuliza. "Hapa ndipo kichwa chake?"

Hayrat alimtazama. Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo, koko. Angeyamwaga yale maji ya maua, angelia kilio chake, angerudi Nosy Be ametulia. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumkanusha Hayrat, wala Ami Tadjiddine, wala mama. Ungekuwa uongo wa huruma. Na yeye alikuwa na hamu sana ya kumpa bibi yake kitu.

Alimwona mama yake amesimama katikati ya barabara, mkono mdomoni.

"Sijui, koko," alisema Hayrat. Machozi yalikuwa yanamwingia mdomoni. "Nataka kusema ndiyo. Lakini sijui. Huenda ni hapa, huenda ni pale mbele. Huenda hapa amelala mtoto wa mtu mwingine."

Mkono wa koko ulibaki juu ya ardhi. Kisha aliuondoa taratibu, akapangusa udongo kwenye shiromani. Alilia kwa sauti ndogo, ya mtu aliyekwisha kulia sana huko nyuma. Hakuna aliyemnyamazisha. Gari moja la ng'ombe lilipita, mwenye gari akawatazama akidhani wamepatwa na ajali.

Baadaye koko aliomba ainuliwe. Alitembea kutoka kalvati mpaka nguzo ya kilomita, hatua kwa hatua, akidondosha maji ya maua kwa matone. Kabla hajafika nusu ya njia kichupa kilikuwa kimekwisha. Aliendelea kukiinamisha hivyo hivyo, mpaka mwisho wa mstari. Tadjiddine alisoma Fatiha, akataja majina tisa, moja baada ya jingine. Hayrat aliyasikia kwa mara ya kwanza.

Jioni ile Zalifa alipita nyumba kwa nyumba kama alivyoahidi, na Hayrat nyuma yake. Katika kila nyumba Zalifa alisema, "Tadjiddine hakuiba. Nilimsingizia." Kisha alisogea pembeni, na Hayrat akasema sehemu yake. Nyumba kumi na saba. Katika nyumba ya Roukia, rafiki yake alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na mimi nilikuambia turuke kamba," akaanza kulia naye. Magharibi msikitini, watu walimpisha Tadjiddine nafasi mstari wa mbele. Alikwenda akakaa nyuma, mahali pake pa kawaida. Lakini asubuhi moshi wa tanuu lake ulionekana tena.

Kwa siku tatu Hayrat alipanda mteremko wa mapango, akachimba mawe matatu kila siku. Bwana Allaoui alipopata habari alikuja mwenyewe na mtaimbo, pamoja na Msaidié na watoto wengine, lakini Hayrat aliomba kuchimba yeye. Wao walimsaidia kusukuma mkokoteni tu. Tadjiddine aliyapanga mawe mapya kwa kukisia, akayapaka chokaa. Mawili tu, la kwanza na la mwisho, yalikuwa mahali pa kweli. Kisha mzee aliwakalisha watoto kwenye nyasi ng'ambo ya barabara, akawaambia nani alikuwa nani, nani alipenda kuimba, nani aliacha mke mjamzito.

"Mwaka kesho mtapaka ninyi," aliwaambia. "Tuliwaficha jambo hili kwa kuogopa midomo yenu. Tungewaambia, mngetulindia."

Siku ya koko kurudi Nosy Be, bandarini, Hayrat alimshika mkono mpaka kwenye daraja la meli.

"Umenisamehe, koko?"

"Nilikusamehe siku ile, pale uliposema hujui," alisema koko. "Uongo ule ungekuwa mtamu, nami ningeunywa wote. Lakini usishtuke kila ukiniona nalia. Nimekusamehe, na bado sijui mwanangu amelala wapi. Yote mawili ni kweli." Alimshika pua kidogo kwa vidole viwili, akapanda meli.

Walirudi kwa gari la ng'ombe. Karibu na Belobaka Zalifa alisema:

"Sikiliza, maana sitarudia. Watu husema ukweli haupotei. Haupotei, lakini huchelewa, na ukichelewa haufanyi kazi yake. Jumatano ukweli wako ungerudisha mawe tisa kwenye mashimo tisa. Jumatatu uliweza kumwondolea mzee aibu tu. Hilo si dogo, lakini kaburi la ndugu yangu halikurudi. Dawa ikiletwa mgonjwa ameshazikwa, anainywa nani? Ukikosea tena, na utakosea, njoo siku ile ile. Njoo hata kama nimeshika mwiko."

"Nimesikia, mama."

"Na mimi nilikosa. Nilikuficha, nikadhani nakulinda. Usipoambiwa kilicho chini ya jiwe, utaona jiwe."

Walipofika kwenye kalvati Zalifa alimwambia mwenye gari asimame. Walishuka, wakatembea kwa miguu kipande kile chote mpaka kwenye nguzo ya kilomita, wakiyataja majina tisa kwa sauti ya chini. Na kwa kuwa hawakujua mahali gani pasikanyagwe, walipita katikati ya barabara.